Hiki Hakiuzwi!

Leo hatuhitaji rula wala daftari jipya. Tunahitaji kichwa chako tu, na ikiwezekana rafiki mmoja mbishi wa kukaa naye pembeni.

Tuanzie Mikumi. Kama umewahi kusafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam kwenda Iringa, unaijua ile sehemu ya kilomita 50 hivi ambapo barabara kuu inakatiza katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi. Abiria wote macho dirishani, watoto wanapiga kelele, "Twiga! Twiga!" Ni wachache wanaoangalia kile kibao kinachotaja faini za wanyama. Kila mnyama na kiasi chake. Dereva akimgonga swala atalipa hiki, akimgonga twiga au tembo, hapo ndugu yangu ataanza kufikiria kuuza na gari lenyewe.

Ukishatoka hifadhini unaingia mji mdogo wa Mikumi, na huko nako kila kitu kina bei. Mahindi ya kuchoma, nyanya, chumba cha gesti, kuoshewa kioo cha lori, hata kuchajiwa simu. Mchana na usiku malori yanapita kwenda Tunduma na kurudi, na pesa inapita nayo.

Sasa swali la leo ni hili: je, wewe unacho kitu chochote ambacho hakina bei?

Usijibu haraka. Tufanye jaribio. Tuseme anakuja mtu na shilingi elfu hamsini mkononi, anakuambia, "Niuzie hayo malapa yako." Utacheka, utayavua, utapokea pesa kabla hajabadili mawazo. Kesho yake anarudi mtu huyo huyo. "Chukua hizi, nenda sokoni ukamtukane mama yako mbele za watu." Unasemaje? Akipandisha mpaka laki moja? Akifika milioni?

Naona umeshakunja uso. Basi angalia kilichotokea. Kwenye malapa ulipiga hesabu. Kwenye habari ya mama hukupiga hesabu yoyote, ulikasirika tu. Tena kadiri jamaa alivyopandisha pesa ndivyo hasira yako nayo ilivyopanda. Ajabu, sivyo? Kwenye biashara ya kawaida bei ikipanda muuzaji hutabasamu. Hapa bei imepanda na wewe unatafuta jiwe.

Hiyo hasira ndiyo somo letu. Ni dalili kwamba umeguswa kwenye kitu usichokiuza. Watu wengine hukiita msimamo, wengine heshima, wengine imani. Jina si hoja. Hoja ni kwamba kitu hicho hakikai kwenye mzani pamoja na vitu vingine. Kinaamua kabla hujaanza kupima.

Wataalamu wamejaribu kulichungulia jambo hili. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Emory, kule Atlanta, Marekani, waliwaweka watu kwenye mashine inayopiga picha za ubongo ukiwa kazini. Waliwaonyesha sentensi, nyingine nyepesi kuhusu vinywaji wanavyovipenda, nyingine nzito, kama vile kuwa tayari kumwua mtu asiye na hatia. Kisha wakawaambia: ukikubali kutia saini kinyume cha ulivyojibu, tunakulipa, na kwa sentensi moja unaweza kupata hadi dola 100. Kwenye zile nyepesi watu waliuza majibu yao kama njugu. Kwenye zile nzito wengi walikataa. Na picha zilionyesha kwamba mtu alipokuwa mbele ya sentensi aliyokataa kuiuza, ubongo wake haukufanya kazi sana kwenye sehemu za kupima faida na hasara. Ulifanya kazi kwenye sehemu zinazohusika na kujua lipi ni sawa na lipi si sawa. Yaani hata kichwani ni ofisi mbili tofauti!

Mwingine, Philip Tetlock, pamoja na wenzake, mwaka 2000 waliandika juu ya kisa cha kubuni walichowasomea watu. Mkurugenzi wa hospitali anaambiwa achague: atumie dola milioni moja kumwokoa mtoto mmoja anayehitaji ini jipya, au azitumie kwa mahitaji mengine ya hospitali. Watu walimchukia mkurugenzi aliyeacha mtoto afe. Hilo tunalitegemea. Lakini hata yule aliyemwokoa mtoto alilaumiwa pale kisa kiliposema kwamba alifikiria kwa muda mrefu kabla ya kuamua. Kumbe kuna mambo ambayo kukaa tu ukayapigia hesabu tayari ni doa.

Kumbuka hilo, maana sasa tunarudi stendi ya Mikumi.

Tuseme wewe ni binti wa kidato cha tatu. Jioni umetumwa mkaa. Lori limeegeshwa pembeni, na dereva amekaa kwa mama ntilie.

"Shikamoo anko."

"Marahaba, lakini usinizeeshe bwana! Niite kaka. Shule gani hiyo?"

Siku hiyo ni soda na chipsi mayai. Safari inayofuata ni vocha. Safari ya tatu anaishika simu yako, anaigeuzageuza. "Mdogo wangu, hii si simu, hii ni redio mbovu. Nikirudi kutoka Tunduma nakuletea nyingine, ya maana. Ila na wewe usiwe mgumu, eti."

Hapo kuna njia mbili za kufikiri. Ya kwanza ni ya hesabu. Simu nzuri ni laki mbili. Mimba? Labda siku zangu si za hatari. Ukimwi? Mbona anaonekana msafi. Watu wakijua? Ataniacha mbali na nyumbani. Unadhani unatumia akili, na kweli unaitumia, lakini angalia ubaya wake. Kila hesabu yako yeye anayo jibu lake. Ukitaja mimba atasema kondomu anazo. Ukitaja magonjwa atasema alipima juzi. Ukitaja shule atasema atakuoa ukimaliza. Huyu bwana ana miaka 35, na hesabu hizi ameshazipiga Chalinze, Makambako na Tunduma. Wewe ndiyo kwanza umefungua kitabu.

Njia ya pili ni fupi.

"Anko, simu kaa nayo."

"Basi nakuongezea na pesa ya saluni."

"Hujanielewa. Sijasema ni kidogo. Nimesema hakiuzwi."

Soma tena maneno hayo. Binti hakumjibu kuhusu simu. Hakumjibu kuhusu mimba wala kondomu. Hakumwachia mlango hata wa kuingiza kidole. Ukisema "hapana, ni kidogo", umeshafungua duka na mnabishania bei tu. Hata ukisema "hapana, naogopa mimba", umemwambia ni dawa gani alete. Lakini "hakiuzwi" haina pa kushikia.

Na bei ikishatajwa, ni vigumu kuifuta. Kule Haifa, Israel, kulikuwa na shule za chekechea ambazo wazazi walichelewa kuja kuchukua watoto. Watafiti wawili wakapendekeza jaribio: baadhi ya shule ziweke faini kwa kila mzazi atakayechelewa. Ungetegemea wazazi wawahi, siyo? Walizidi kuchelewa! Matokeo hayo yaliandikwa mwaka 2000. Zamani mzazi aliona aibu kumweka mwalimu mpaka jioni. Faini ilipokuja, aibu ikaondoka, akaona ananunua dakika zake. Na faini ilipofutwa, aibu haikurudi. Wazazi waliendelea kuchelewa vilevile. (Nikiwaza kile kibao cha Mikumi huwa najiuliza kama yupo dereva tajiri anayekisoma kama orodha ya bei tu.)

Nanyi wavulana msikae mkacheka. Wewe una bodaboda ya mkataba, hesabu ya tajiri haijatimia, na saa tano usiku jamaa anakuja. "Nipelekee huu mzigo, elfu arobaini, usiulize ni nini." Harufu ya nyamapori unaisikia. Au ni bangi. Ukianza kuuliza "Mbona si hamsini?", ndugu yangu, umeshaupakia.

Kabla hatujaendelea, kuna jambo lazima niliseme taratibu. Wapo wasomaji wetu ambao wameshapokea hiyo simu. Wengine walikuwa na njaa, si tamaa. Wengine hawakuulizwa kabisa, walilazimishwa. Somo hili halikusemi wewe kwamba umekwisha. Kitu kisichouzwa si glasi, kwamba ikidondoka mara moja basi ufagie. Aliyekosa ni mtu mzima aliyeleta bei au nguvu. Kwa sheria ya Tanzania, tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, mwanamume anayefanya ngono na binti wa chini ya miaka 18 ambaye si mkewe amebaka, hata kama binti alisema ndiyo. Na tangu 2016, anayempa mimba mwanafunzi anaweza kufungwa miaka 30.

Kama umelazimishwa, nenda kituo cha afya au hospitali mapema, siku hiyo hiyo ukiweza. Zipo dawa za kuzuia VVU visikushike, lakini lazima uzianze ndani ya saa 72, na kila saa unayopoteza inazipunguzia nguvu. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba navyo hufanya kazi vizuri zaidi ukiviwahi, na havisaidii tena siku tano zikipita. Kama ni zamani na una wasiwasi, kapime. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2019, kijana wa miaka 15 anaweza kupima VVU bila kibali cha mzazi. Ukikutwa navyo, dawa za ARV hutolewa bure, na mtu anayezimeza vizuri mpaka virusi havionekani kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa ngono. Huna wa kumwambia? Piga 116, namba ya bure ya kuwasaidia watoto.

Haya. Mpaka hapa tumezungumza kana kwamba ni wewe tu mwenye vitu visivyouzwa. Jirani yako je?

Wakulima wanaoishi karibu na hifadhi ya Mikumi wanajua tembo akitoka usiku anavyofanya. Ekari ya mahindi ni chakula chake cha jioni. Wakati mwingine mtu huuawa. Mwaka 2011 serikali ilitunga kanuni za kuwapa wananchi pesa pale wanyama wakali wanapoleta madhara, na kwa aliyeuawa familia ilipangiwa shilingi milioni moja. Lakini angalia jina la pesa hizo. Hazikuitwa fidia. Kwa shamba zinaitwa kifuta jasho, kwa kifo zinaitwa kifuta machozi.

Wengi hulalamika kwamba pesa hizo ni ndogo na huchelewa, nami sitawabishia. Lakini jina hilo lina akili nyingi. Hebu fikiria mtendaji wa kijiji anafika msibani, anafungua jalada na kusema, "Bei ya marehemu ni milioni moja, sainini hapa." Angetoka hapo anakimbia. Akisema, "Poleni sana wazee. Hakuna wa kumlipa marehemu. Hiki ni cha kufuta machozi tu," watu watainamisha vichwa na kupokea. Pesa ni ileile. Maana ni mbili. Ya kwanza imemnunua marehemu, ya pili imekiri kwamba hanunuliki.

Wazee wetu walilijua hili zamani, ndiyo maana lugha imejaa majina ya namna hiyo. Msibani tunatoa rambirambi au ubani, hatutoi malipo. Mahari nayo si bei ya binti. Ukibisha, siku ya posa mwite baba mkwe "muuzaji", halafu utuandikie barua utueleze ulirudi nyumbani kwa njia gani.

Na si kwetu tu. Mwaka 2007 Jeremy Ginges, Scott Atran na wenzao walichapisha matokeo ya kuwauliza Waisraeli na Wapalestina juu ya mapatano ya amani yaliyogusa mambo wanayoyaona matakatifu, kama vile ardhi na haki ya wakimbizi kurudi kwao. Kwa wale walioyashika mambo hayo kama matakatifu, kuongeza pesa nyingi kwenye mapatano kuliwazidishia hasira na kuunga mkono fujo. Kilichopunguza hasira ni upande wa pili kukubali kuachia kitu kitakatifu cha kwao, au kukiri kosa. Kama vile "pole" imezidi mamilioni.

Sasa panda gari twende Kilosa mjini. Tunapitia Ulaya. (Usianze kutafuta pasipoti, ni Ulaya ya Kilosa.) Nakupeleka huko kwa sababu wilaya hii ina kidonda ambacho vijana wengi wa leo walikuwa hawajazaliwa kilipotokea.

Kilosa wapo wakulima, Wasagara, Wakaguru na makabila mengine mengi yaliyokuja kwa mkonge na reli. Wapo pia wafugaji, Waparakuyo na Wamaasai wengine, walioishi kwenye tambarare hizi kwa vizazi. Kiangazi kikikaza, nyasi mbichi na maji viko mabondeni. Na mashamba yako huko huko mabondeni.

Kwa mfugaji, ng'ombe si nyama inayotembea. Ni maziwa ya mtoto, ni mahari ya kaka, ni undugu na wakwe, ni jina la baba yake. Kwa mkulima, shamba si mahindi tu. Ni chakula cha mwaka, ni kaburi la babu pembeni, ni kuwa mtu wa mahali fulani. Lakini msikilize kila mmoja anavyomsema mwenzake. "Si ng'ombe tu hao, kwani wamekwisha?" "Si magugu tu hayo, tutamlipa debe." Neno hilo "tu" ni dogo, lakini limechoma vijiji. Kila mmoja anakiwekea bei kitu cha mwenzake ambacho mwenyewe hajakipeleka sokoni.

Mwaka 2000 ugomvi wa mifugo kuingia mashambani, na wakulima kukamata ng'ombe, ulizidi kupamba moto. Tarehe 8 Desemba mwaka huo, watu 38 waliuawa katika kijiji cha wakulima cha Rudewa Mbuyuni. Sitaeleza walivyokufa. Wapo waliobaki, na wanasoma.

Watafiti waliochunguza mauaji hayo na kuandika mwaka 2009 hawakuishia kwenye ng'ombe na mahindi. Walitaja pia sera zilizowabana wafugaji na rushwa ya muda mrefu. Watu hawakuziamini tena mamlaka, kwa sababu waliona uamuzi unanunuliwa. Hapa mimi huwa nasimama. Tumesema kuna vitu havina bei. Haki ni kimojawapo. Hakimu, askari au mtendaji anapouza haki, anakuwa ameuza kitu ambacho hata si chake. Na aliyeona haki ikiuzwa haendi tena kwenye baraza kueleza shida yake. Anakwenda kutafuta silaha.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeweka Baraza la Ardhi la Kijiji lenye wajumbe 7, na watatu kati yao angalau wawe wanawake. Kazi yake ni kusuluhisha. Je, unalijua baraza la kijiji chako linakaa wapi? Ulishawahi kukaa nyuma ukasikiliza? Nenda siku moja, ni shule ya bure.

Kilosa inatufundisha na jambo jingine, chungu zaidi. Kuwa na kitu usichokiuza hakukufanyi uwe mwema. Waliochukua silaha nao walijiona wanalinda kisichouzwa. Hasira tuliyoisifu kule stendi ndiyo hiyo hiyo iliyobeba mkuki. Kwa hiyo huwezi kujiamini kwa sababu tu damu imechemka.

Mimi nina swali moja ninalojiuliza, nawe unaweza kuliazima. Msimamo wangu huu, gharama yake analipa nani? Binti wa Mikumi aliyekataa simu, gharama ameilipa yeye: ameendelea na redio yake mbovu. Huo naupigia saluti. Lakini watu 38 walilipia kitu ambacho wengi wao hawakuwa hata na neno ndani yake.

Sasa litumie swali hilo kwenye mambo ya afya, utashangaa. Kijana anasema, "Mimi kondomu sivai, huo ndio msimamo wangu." Analipa nani? Mwenzake. Mwingine anasema, "Mimi kupima siwezi, namwachia Mungu." Kama hana mpenzi wala mtoto, labda tungemwachia. Lakini ana mke mjamzito. Analipa mtoto tumboni, wakati mama akipima na kutumia dawa mapema uwezekano wa mtoto kuambukizwa unakuwa mdogo sana. Mwingine ameacha ARV kwa sababu ameombewa. Hapa sitaki kumgombanisha mtu na imani yake, maana si lazima achague. Anaweza kuomba asubuhi na kumeza kidonge jioni. Viongozi wengi wa dini huwaambia waumini wao hivyo hivyo.

Wakati mwingine ukichunguza unakuta hicho kinachoitwa msimamo ni woga uliovaa suti. Woga wa majibu. Woga wa kuchekwa.

Na ukikutana na mtu aliyekaza, kama baba, kama babu, kama mume wa dada yako, usimletee hesabu. Nimeona wanaharakati wakifanya kosa hili mara nyingi, mimi nikiwa mmoja wao. Chukua mfano wa binti aliyejifungua akiwa shuleni. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu wasichana wa namna hiyo kurudi darasani. Baba hataki. Shangazi anakuja kumwombea.

"Kaka, ada siku hizi hakuna. Sare mimi nitanunua."

"Kwani nimekuambia sina hela?" Baba ameshapandisha sauti. "Nazungumzia heshima ya nyumba hii."

Unaona? Shangazi ameleta pesa mahali pasipo na duka. Amemtukana bila kujua. Kama ana busara atanyamaza, atakunywa chai yake, atarudi siku nyingine kwa mlango mwingine.

"Kaka, unakumbuka baba alipomchukua yule mtoto wa jirani, watu wakamcheka?"

"Nakumbuka."

"Alisema nini?"

"Alisema nyumba hii haitupi mtoto."

Shangazi hakushindana na heshima ya kaka yake. Amekwenda ndani ya heshima ileile, akachukua kitu kingine kisichouzwa, akakiweka mezani. Sikuahidi kwamba baba atakubali jioni hiyo hiyo. Wengine huchukua miezi. Lakini sasa angalau wanazungumza kitu kimoja.

ZOEZI LA WIKI HII

Chukua karatasi. Andika vitu vyako visivyouzwa, visizidi vitatu. Mtu mwenye misimamo ishirini hana msimamo, ni mbishi tu. Mbele ya kila kimoja jibu lile swali: nikikataa, analipa nani? Kama jibu ni mtu mwingine, kifute au kiandike upya.

Kisha andika maneno utakayoyasema siku hiyo, mafupi, bila sababu nyingi, na uyaseme kwa sauti. Usione haya. Maneno ambayo hayajawahi kutoka mdomoni hukwama kooni siku ya kazi.

Mwisho mwite yule rafiki mbishi. Yeye awe anko wa lori. Apandishe bei, abembeleze, akuite mshamba, aongeze tena. Wewe jibu, huku ukijisikiliza moyoni. Ukifika mahali ukajikuta umeanza kupiga hesabu, tia alama hapo kwenye karatasi. Hicho ndicho ukazungumze na mtu unayemwamini, shangazi, mwalimu au muuguzi, wiki hii hii, kabla lori halijarudi kutoka Tunduma.